Si kila wavu uliochanika ni kazi ya fisi maji

Swali: "Mimi ni mama mwenye mitumbwi miwili katika mwalo mmoja upande wa Muleba, Ziwa Victoria. Tangu masika yaishe, vijana wangu wanakuta sato wameliwa nusu ndani ya makila (nyavu za kutega), na nyavu mbili zimechanwa vibaya. Wanasema ni fisi maji, wamewaona asubuhi wengi karibu na mawe. Kijana mmoja anashauri tupake samaki sumu tuwategee. Mimi naogopa. Huyu mnyama ni fisi kweli? Anaishi wapi, anakula nini, anaweza kumng'ata mtoto anayeoga ziwani? Na nyavu zangu nizifanyeje?"

Shikamoo mama, na asante kwa kuuliza kabla ya kutenda. Nianze na la dharura. Kama huyo kijana ameshanunua hiyo sumu, ichukue mkononi mwake leo hii. Sumu iliyopakwa kwenye samaki haijui imewekewa nani. Ataila kenge, ataila mbwa wa kijiji, atakuja kwazi, yule tai mla samaki, ambebe huyo samaki akamwangushe uani kwa watu. Na samaki akichopoka akaelea, mawimbi yatampeleka mwalo wa pili, mtoto amwokote akidhani ni riziki ya siku hiyo. Tena ipo sheria. Fisi maji ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumuua bila kibali. Sumu ziwani nayo ni kosa lake peke yake. Mwenye mitumbwi ni wewe, kwa hiyo kesi ikija itakuja mlangoni kwako, si kwa kijana.

Baada ya hapo tunaweza kuzungumza kwa utulivu.

Fisi maji si fisi. Jina tu ndilo linalowaunganisha. Kwa ukoo, fisi yuko karibu zaidi na nguchiro na paka, ilhali fisi maji ni wa ukoo wa nyegere na kicheche: wanyama wa miguu mifupi, mwili mrefu, pua kali na moyo mkubwa kuliko umbo. Naona jina hili limemponza. Kwetu fisi ana sifa mbaya, anatajwa pamoja na wachawi na safari za usiku, na mnyama huyu wa majini amerithi tuhuma ambazo hazimhusu. Vuka ziwa uende upande wa Buganda, utamkuta anaitwa eng'onge na ana heshima zake. Upo ukoo mzima wa Ng'onge ambao yeye ndiye mwiko wao, na mtu wa ukoo huo hamli wala hamuui. Ukoo huohuo ndio wenye ufundi wa kutengeneza nguo za magome ya mti kwa ajili ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu. Ziwa moja, mnyama mmoja, ng'ambo hii anatafutiwa sumu na ng'ambo ile ni nembo ya ukoo.

Kuna jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Hans Kruuk, mtafiti Mholanzi aliyejulikana kwa kuwachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, ndiye huyohuyo aliyekuja kutumia miaka mingi ya maisha yake kuwachunguza fisi maji. Mwaka 1990, yeye na mwenzake Goudswaard walichapisha utafiti wao kuhusu chakula cha fisi maji wa Ghuba ya Mwanza. Nitaurudia baadaye, maana unagusa nyavu zako.

Sasa, yupi ni wako? Ziwa Victoria lina aina mbili. Wa kwanza ni fisi maji mwenye madoa shingoni, ambaye wataalamu humwita Hydrictis maculicollis. Ni mdogo. Kutoka pua hadi ncha ya mkia ana kama mita moja, na uzito wake ni kilo tatu hadi sita tu, dume akiwa mkubwa kuliko jike. Rangi yake ni kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi akilowa, na kooni na kifuani ana mabaka meupe au ya manjano hafifu. Mabaka hayo hayafanani kati ya mmoja na mwingine, ndiyo maana watafiti huwatambua mmojammoja kwa kuwapiga picha za koo. Miguu yake yote minne ina utando kati ya vidole, na kila kidole kina ukucha.

Wa pili ni fisi maji asiye na makucha, na huyo ni jitu ukimlinganisha na mwenzake: kilo kumi hadi kumi na nane, pengine zaidi. Mashavu, koo na kifua chake ni vyeupe bila madoa. Mikono yake ya mbele haina utando wala makucha, ina vidole laini kama vya mtoto. Anaitumia kupapasa chini ya mawe na ndani ya tope akitafuta kaa, naye macho yake yako kwingine, kama mama anayetafuta sarafu ndani ya mkoba huku anazungumza na mtu. Ana magego mapana ya kusaga magamba ya kaa. Huyu anaridhika na maji machafu, vijito vidogo na mabwawa, kwa kuwa hahitaji kuona anachokamata. (Ukienda Kongo na misitu iliyo jirani nayo utakuta na wa tatu, ndugu wa huyu asiye na makucha, lakini yeye si wa ziwa letu.)

Vijana wako wamewaona wengi, asubuhi, kwenye mawe. Hiyo ni tabia ya mwenye madoa. Asiye na makucha hupenda giza na mara nyingi huonekana peke yake au wawili watatu. Kwa hiyo nitamzungumzia zaidi mwenye madoa, na ukija kugundua kwamba wenu ni yule mkubwa, mengi yatabadilika. Nitakueleza jinsi ya kujua.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba mnyama huyu haishi ziwani kwa maana tunayoifikiria sisi. Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 69,000, lakini kwake yeye sehemu kubwa ya maji hayo ni kama jangwa. Maisha yake yote yako kwenye ukanda mwembamba ambapo maji na nchi kavu vinakutana: hatua chache kuingia majini, hatua chache kupanda ufukoni. Samaki anawatafuta majini karibu na ufuo, kwenye mawe, matete na mizizi. Pa kulala, pa kuzalia na pa kujikaushia ni nchi kavu, kwenye mianya ya mawe, chini ya mizizi ya mikuyu, kwenye mashimo ya kingo au ndani ya matete mazito. Ukiutoa ukanda huo, umemtoa yeye. Hata ukimwachia ziwa zima lenye samaki tele, hana pa kukaa.

Kwa nini asiende mbali? Kwa sababu ya manyoya yake. Pomboo na nyangumi wana mafuta mazito chini ya ngozi ya kuwakinga na baridi, fisi maji hana. Kinachomkinga ni manyoya ya tabaka mbili. Juu ni marefu na magumu, chini ni mafupi, laini, yamesongamana mno, na katikati yake hunaswa hewa. Akizama, hiyo hewa ndiyo sweta lake. Ndiyo maana ukimtazama akipiga mbizi utaona uzi wa mapovu madogo ukipanda nyuma yake: ni maji yanaikamua hewa kutoka kwenye manyoya. Baada ya muda sweta linalowa, na mnyama anaanza kupoteza joto. Hapo lazima atoke. Anapanda jiwe, anajikung'uta, anajigaragaza kwenye majani makavu au mchanga, anajilamba na kujichana kwa meno mpaka manyoya yanyanyuke tena. Watu wakimwona akijigaragaza wanasema anacheza. Mara nyingine ni kweli anacheza, lakini mara nyingi yuko kazini, anatengeneza nguo ya kurudia majini. Mafuta ya mashine ya mtumbwi yakimwagika na kumpaka, sweta hilo limekufa, na mnyama hufa kwa baridi katikati ya nchi ya joto.

Baridi hiyo ndiyo pia inayomfanya awe mlaji. Fisi maji kwa ujumla hula kwa siku chakula cha kati ya moja ya kumi na moja ya tano ya uzito wao. Kwa huyu wako wa kilo nne au tano, hiyo ni nusu kilo hadi kilo moja hivi. Weka hesabu hiyo kichwani, tutaitumia kwenye nyavu.

Siku yake ina mpangilio ambao ukishaujua unaweza kumngoja kama unavyongoja basi. Katika ziwa letu mwenye madoa ni mnyama wa mchana. Huanza kuvua kunapopambazuka, huendelea mpaka jua lipande, hupumzika kivulini au pangoni saa za joto kali, kisha hurudi majini alasiri mpaka magharibi. Usiku wa mbalamwezi huweza kuendelea, kwa kuwa anawinda kwa macho na anahitaji kuona. Anaogelea uso wa maji kichwa kikiwa nje, ghafla anainua mgongo na mkia unafuata, amezama. Mbizi zake ni fupi, kwa kawaida hazifiki nusu dakika. Anamfukuza samaki kati ya mawe, na ndevu zake ngumu za mdomoni zinamsaidia kuhisi mtikisiko wa maji pale macho yanaposhindwa. Akipata samaki mdogo, humla palepale majini, kichwa juu, amemshika kwa mikono miwili, akianzia kichwani. Akipata mkubwa, humburuta mpaka nchi kavu.

Samaki anaowataka ni wadogo, wengi wao hawafiki sentimita ishirini. Kwa karne nyingi chakula chake hapa kilikuwa furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao ziwa hili lilikuwa na zaidi ya aina 500 zao. Kwenye Ziwa Muhazi la Rwanda pia, watafiti waliochambua chakula chake walikuta samaki wa jamii hiyohiyo ya sato na furu wametawala. Huongezea kaa, vyura na wadudu wa majini. Kisha akaletwa sangara katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelijaza ziwa na kuwamaliza furu wengi. Hilo ndilo lililowavuta Kruuk na Goudswaard Mwanza: samaki wakibadilika, fisi maji atakula nini? Sangara wachanga wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi anaweza kuwakamata, na sato wadogo pia. Sangara mkubwa yuko mbali ufukoni na ana nguvu kuliko yeye. Baadhi ya furu wamerudi tangu wakati huo, hasa penye mawe, na si ajabu kwamba fisi maji wako pia wako hapo penye mawe.

Pamoja na samaki, maji yenyewe yalibadilika. Mbolea, maji taka ya miji na udongo unaotiririka kutoka mashambani vimelitia ziwa ukijani na tope, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 tumekuwa tukipambana na magugu maji. Mnyama anayewinda kwa macho akitiwa kwenye maji ya matope ni kama kumfunga mtu kitambaa usoni na kumwambia atafute chakula chake. Kama kweli wako wengi kwenye mawe yenu, mama, basi maji ya hapo bado yanaonyesha chini, na furu bado wapo. Si kila mwalo unaweza kusema hivyo.

Kuhusu wingi wao: fisi maji wa mito ya Afrika Kusini mara nyingi huonekana mmojammoja au familia ndogo, lakini ziwani kwetu wamezoea makundi, na kundi la zaidi ya kumi si la kushangaza. Mengine ni ya madume matupu, vijana na wazee pamoja. Mengine ni mama na watoto wake. Jike hubeba mimba kwa miezi miwili hivi na kuzaa mtoto mmoja hadi watatu ndani ya pango, wakiwa bado hawajafumbua macho. Baba hashiriki malezi. Mama huwalea, na watoto hubaki naye karibu mwaka mzima. Hawazaliwi wanajua kuogelea vizuri, na mara ya kwanza huyaogopa maji kama mtoto wa mtu. Mama ndiye huwatumbukiza. Kisha huwaletea samaki akiwa hai, akamwachia mbele yao ili wajifunze kumkamata. Nilipokuwa kijana kazini nilikaa kutwa nzima juu ya jabali moja la Rubondo nikimtazama mama na wanawe wawili wakirudia somo hilo kwa furu mmojammoja, watoto wakikosa, mama akizama tena kumleta. Nilishuka jioni nimeungua mgongo na nikasahau hata kula.

Kama una nafasi na uwezo, nenda huko Rubondo uone. Ni kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, kiko kusini magharibi mwa ziwa, si mbali na kwenu. Uvuvi hauruhusiwi ndani ya mipaka yake, msitu umefika mpaka majini, na ni mahali pazuri kuliko pengi Afrika pa kumwona mnyama huyu mchana kweupe. Samaki wanaozaliana huko hutoka na kuja kwenye nyavu zenu.

Haya, tuje kwenye nyavu zako.

Nasema kwa uzoefu wa mialo mingi: fisi maji hushtakiwa zaidi ya anavyostahili kwa sababu yeye ndiye anayeonekana. Anatoka juani, anapiga miluzi, anajigaragaza mbele ya watu. Wezi wengine hawaonekani. Kwa hiyo kabla ya hukumu, soma ushahidi.

Angalia tundu la wavu kwanza. Umesema nyavu mbili zimechanwa vibaya. Mnyama wa kilo tano hachani makila kwa upana wa mlango. Kama tundu ni kubwa, kingo zake zimevutwa na wavu umehamishwa au kukokotwa, mtafute mamba. Kama ni kiboko aliyepita njiani kwake, utakuta wavu umekatika na kukanyagwa, na hakuna samaki aliyeliwa. Fisi maji akichukua samaki kutoka kwenye wavu huacha matundu madogo palepale samaki alipokuwa, macho mawili matatu yaliyokatika, basi.

Kisha mtazame samaki aliyebaki. Samaki aliyekatwa kipande safi cha nyama kama kwa kisu anaweza kuwa ameng'atwa na samaki kamongo, na vijana wako wanajua taya lake lilivyo. Samaki aliyenyofolewa tumboni wavu ukiwa karibu na ufuo, na kwenye tope pembeni kuna mstari wa mkia uliopita katikati ya nyayo zenye kucha ndefu, huyo ni kenge. Mnandi, yule ndege mweusi mpiga mbizi, hali nusu, humeza mzima, na akinaswa mwenyewe utamkuta kwenye wavu. Samaki aliyeliwa kuanzia kichwani, shingo na mabega hayapo, sehemu ya mkia imeachwa, hapo ndipo nitamshuku fisi maji. Kumbuka pia kwamba sato wa kuuzika ni mkubwa kuliko samaki anayemzoea. Humchukua kwa sababu amenaswa na hawezi kukimbia.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni mavi yake, na naomba usione aibu kwenda kuyatafuta. Fisi maji hawajisaidii ovyo. Wana mahali maalumu, jiwe lililochomoza au sehemu ya nyasi karibu na maji, na wanaparudia siku hadi siku. Kwao ni kama ubao wa matangazo, kila anayepita ananusa na kujua nani alikuwa hapa na lini. Mwenye madoa huacha mavi membamba yaliyojaa miiba na magamba ya samaki, yakikauka yanakuwa na rangi ya kijivu na kusambaratika. Yule asiye na makucha huacha mazito, manene, yaliyojaa vipande vya magamba ya kaa. Ukikuta ya kaa matupu, umepata jibu lako: mnyama anayekula kaa si mwizi wa sato wako. Nyayo nazo zitasaidia. Zote mbili zina vidole vitano, lakini za mwenye madoa zina alama za kucha, na za yule mkubwa zinafanana na kiganja kidogo cha mtoto kilichokandamizwa kwenye tope.

Ukishathibitisha kwamba ni yeye, dawa ipo kwenye saa na mahali. Saa, kwa sababu yeye anavua kuanzia alfajiri. Nyavu zilizotegwa jioni zikipanduliwa kabla hakujapambazuka, akiamka hakuti kitu. Nyavu zinazoachwa majini mpaka saa tatu asubuhi zimemwandalia chai. Najua vijana wanapenda kulala kidogo na najua petroli ina bei, lakini kundi la wanyama sita likipita kwenye wavu ulioachwa, kila mmoja na nusu kilo yake, hesabu umeshaijua. Mahali, kwa sababu hapendi kwenda mbali na ufuo. Sogeza makila kutoka kwenye mawe na matete, uyapeleke kwenye maji ya wazi, utaona tofauti. Mitego iliyo sambamba na mawe ndiyo inayoliwa sana. Na waambie vijana waache kutupa utumbo na samaki waliooza kwenye mawe hayo. Anayelishwa mahali huhamia mahali.

Jambo la tatu ni la upande wa pili wa shilingi, na nalisema kwa uchungu. Wavu unaomlisha ndio unaomuua. Mbizi yake ni ya chini ya nusu dakika. Akinaswa chini ya maji ana dakika chache tu za kuishi. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, ni mbaya kuliko zote kwa sababu hazionekani majini, na zaidi ya hayo ni haramu. Vipande vya nyavu vilivyotupwa au kusahaulika kwenye mawe vinaendelea kuvua bila mvuvi: samaki, ndege, kenge, fisi maji na watoto wake. Siku ya kusafisha mwalo, waombeni BMU yenu (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) vipande hivyo vikusanywe na kuchomwa mbali na maji. Nimeshamtoa jike mmoja kwenye wavu wa namna hiyo, amekufa, matiti yamejaa maziwa. Tulitafuta pango siku mbili. Hatukulipata.

Watoto wa kibinadamu sasa. Fisi maji hamwindi mtu. Akikuona hupiga mluzi au kukoroma, hunyanyua shingo kukutazama, kisha huzama. Lakini ana meno makali, na mama mwenye watoto au mnyama aliyebanwa kwenye wavu ataumiza. Wakanye watoto wasiingize mikono kwenye mianya ya mawe, wasiwakimbize, na wasichukue mtoto wa fisi maji kwenda kumfuga hata kama anaonekana ameachwa, kwa sababu mama yake huenda yuko kuvua na atarudi. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, na aende kituo cha afya siku hiyohiyo aelezwe kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, kama ambavyo ungefanya kwa mnyama mwingine yeyote. Hofu yako kubwa ufukoni iendelee kuwa kwa mamba na kiboko. Na hata huyo fisi maji mamba anamla. Chatu pia ni adui yake, na kwazi huweza kumbeba mtoto.

Kwa hadhi yake duniani, aina zote mbili zimewekwa kwenye kundi la wanyama waliokaribia kuwa hatarini. Sababu ni zilezile nilizokueleza: ufuo unafyekwa matete na kulimwa mpaka majini, maji yanachafuka, nyavu zinawazamisha, na wengine huuawa kwa ajili ya ngozi au kwa hasira za wavuvi. Kwenu Muleba matete yanafyekwa kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya bondeni, nimeyaona. Mkiacha hata ukanda wa hatua ishirini bila kufyeka pale karibu na mawe, mtawaachia pa kuzalia wao na sato pia, maana sato wachanga wanajificha humohumo.

Nakuomba jambo moja kabla hujaamua lolote. Kesho alasiri, jua likipungua, panda kwenye hayo mawe pamoja na huyo kijana mwenye wazo la sumu. Tafuteni jiwe lenye mavi, myavunje kwa kijiti na kuangalia kama ni miiba ya samaki au magamba ya kaa, kisha kaeni kimya upande ambao upepo unawapiga usoni ili wasiwanuse. Mhesabu wangapi watatoka, na wanakwenda upande zilipo nyavu au upande mwingine. Niandikie mlichokikuta na tundu la wavu lina upana gani. Kama dalili ni za mamba, msingoje jibu langu, mtaarifu afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyohiyo, na watoto wasioge hapo mpaka aje.